Kiumbe na Kivuli Chake

Kuchora simba si kazi ndogo, lakini mchoraji wa simba ana simba wa kumtazama. Aliyeambiwa achore mjusi mwenye mabawa na mkia unaowaka moto hana pa kuchungulia. Lazima aamue mwenyewe mnyama huyu ana uzito gani, anakanyaga wapi, jua linampiga upande upi. Na aamue hayo ndani ya dirisha dogo: kadi ya Pokémon, ambamo viumbe wa kubuni kama huyo huchorwa, ina milimita 63 kwa 88, na katika kadi za mwanzo picha haikupewa hata nusu yake.

Kadi hizo zilianza kuuzwa Japani Oktoba 1996, miezi michache baada ya mchezo wa video wa Game Boy uliowazaa viumbe wenyewe. Kule walikuwa vitone vya rangi moja, wakielea hewani. Ninayemsifu kwanza ni mchoraji Mitsuhiro Arita, maana aliwapa ardhi. Mtazame Pikachu, panya wake wa toleo la kwanza: kibonge, tumbo limejaa, miti iko nyuma yake. Hajipodoi kwa ajili ya picha. Amesimama kama mnyama uliyekutana naye njiani, ambaye bado hajaamua akimbie au akuume. Charizard, yule mjusi wa moto waliyemgombania watoto, naye ni wa Arita. Mimi nabaki na panya mnene. Moto humpendeza yeyote, bali kusimama tu kunahitaji mchoraji.

Zimwi la hadithi za bibi halikuhitaji haya yote, kila msikilizaji alijitengenezea lake gizani. Kadi haina giza hilo.

Msanii mwingine wa kadi hizi, Yuka Morii, hachori kabisa. Humfinyanga kiumbe kwa udongo, akawa kitu cha kushikika kwa vidole, kisha humpiga picha. Mashavu yana ule ulaini wa kitu kilichopapaswa na kidole gumba, na kivuli kilicho chini ya miguu ni kivuli hasa, hakuna aliyekibuni. Asako Ito naye huwafuma kwa nyuzi. Unaona mshono baada ya mshono, unajua fika kwamba hii ni kazi ya kulabu, na bado unaamini kiumbe yu hai. Wapo wanaodhani mnyama wa kubuni huaminika kwa kuchorewa kila gamba. Sikubaliani nao. Mpe magamba elfu, umnyime kivuli, atabaki stika.

Jina la msanii huchapwa chini kabisa, kwa herufi za kusomwa kwa kukunja uso. Sokoni huzungumzwa zaidi kona zisizochubuka, na bei. Ila kadi iliyovuma kuliko zote kwa bei, ile iliyonunuliwa 2021 kwa zaidi ya dola milioni 5 za Marekani, ilichorwa na Atsuko Nishida, ambaye ndiye aliyembuni Pikachu, na haikupata kuwekwa dukani. Ilikuwa zawadi ya mashindano ya kuchora ya jarida la CoroCoro, miaka ya 1997 na 1998. Pikachu ameshika vifaa vya kuchorea, na maandishi yanamtambua aliyepewa kuwa mchoraji rasmi wa kadi za Pokémon. Siku hizi anaweza kuimiliki mtu asiyejua kuchora hata yai.