Stempu za Kauri na Wanaozighushi

Wengi wakisikia mtu anakusanya stempu hudhani ni mchezo wa watoto. Lakini zimo stempu ambazo ukizitazama kwa makini zitakusomesha mengi, khasa zile zilizotengenezwa papa hapa Afrika kabla ya kazi hiyo kupelekwa London.

Nachukua mfano wa Uganda. Mnamo Machi 1895, Kasisi Ernest Millar wa misheni ya CMS pale Mengo alizipiga stempu za nchi ile kwa taipureta: karatasi nyepesi, herufi U na G juu, na tarakimu katikati, basi. Hazina picha, hazina taji, wala hazina yale meno ya pembeni. Kwa jicho la fundi wa chapa ni kazi duni kabisa.

Lakini tarakimu ile haikuwa anna wala pesa. Ilikuwa ni idadi ya kauri! Stempu ya 20 ni kauri 20, na wakati ule kauri 200 zilihesabiwa rupia moja. Nazo ni kauri hizi hizi za pwani, ambazo watoto wetu huziokota maji yakipwa. Zilipanda bara kwa misafara, vichwani mwa wapagazi, zikawa mali huko. Hata leo Mganda akitaja fedha husema ensimbi, yaani kauri. Ndiyo maana mimi naziona bora kuliko zile za 1898, zilizochapwa London na De La Rue, zenye sura ya Malkia Victoria na bei za anna na rupia. Hizo ni nzuri, sikatai, lakini hazikuambii lolote juu ya aliyezinunua.

Wakusanyaji wao wana mambo yao. Kasisi alizipunguza upana ili karatasi moja itoe nyingi zaidi, na leo watu wanagombania milimita hizo kwa fedha nyingi. Ajabu ni kwamba wanaoijua kila milimita aghalabu hawana la kusema juu ya kauri yenyewe.

Na penye fedha nyingi hapakosi mghushi. Kitu kilichopigwa kwa taipureta, mwenye taipureta kuukuu na karatasi kuukuu hashindwi kukiiga. Niliwahi kuletewa moja na muuzaji aliyeapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kuwa ni ya 1895. Nikaigeuza: ina meno pande zote nne! Nilipomwonyesha akacheka tu, akaifungia kitambaani kumngoja mwingine.

Basi ukiwa na sanduku la barua za wazee, usibandue stempu hata moja. Iache juu ya bahasha yake, pamoja na muhuri wa posta na anwani, kwani ikishatengwa na hivyo, yako ya haki na ile ya muuzaji yule ni taabu kuzipambanua.