Shira Ikipoa, Chujio Huziba

Mtu anayechemsha lita 40 za utomvu wa mti wa mepo nyuma ya nyumba yake huko Vermont au Quebec hupata, akibahatika, lita moja ya shira. Ameshinda mchana kutwa akichochea kuni, nguo zinanuka moshi, macho yamemwiva. Mwisho wa yote anaimimina ile shira kwenye chujio, nalo chujio linagoma. Matone mawili, matatu, basi. Robo saa baadaye kitambaa kimejaa uji mzito wa kahawia na chupa ingali tupu.

Lawama hukiendea kitambaa. Mara nyingi kosa ni la joto.

Kwanza kijulikane kinachochujwa. Utomvu wa mepo hugemwa baridi inapoelekea kuisha, siku ambazo usiku maji huganda na mchana huyeyuka. Mgemaji wa mnazi hupanda mpaka kileleni na kisu chake. Wa mepo hutoboa shina akiwa amesimama chini. Kinachotoka ni karibu maji matupu, sukari yake asilimia 2 hivi. Wenye kazi hiyo wana kanuni ya 86: gawanya 86 kwa asilimia ya sukari, utapata vipimo vya utomvu vinavyotoa kipimo kimoja cha shira. Kwa asilimia 2 jibu ni 43.

Anayepunguza maji kiasi hicho habakishi sukari peke yake. Mti umenyonya kalsiamu ardhini, na ndani ya utomvu mna asidi ya maliki, ile ile inayolipa tofaa ukali wake. Maji yakipungua, viwili hivi hubanana mpaka vinashindwa kuendelea kuyeyuka, vikashikana na kuwa chembe. Wenyewe huziita mchanga wa sukari. Hazimdhuru mlaji, ila hukwaruza ulimi na kuitia shira ukungu, na zikituama chini ya sufuria huungua.

Kwa hiyo mchanga huu hautoki msituni. Huzaliwa jikoni, na huendelea kuzaliwa mpaka shira iive. Kuchuja utomvu kabla ya kuuchemsha huondoa maganda na wadudu tu. Kazi yenyewe iko mwishoni, shira inapofikia sukari ya asilimia 66 au 67, nayo huchemka kwa nyuzi 4 hivi za Selsiasi juu ya kiwango ambacho maji huchemkia siku hiyo.

Hapo ndipo udogo wa kiasi unapoponza. Kwenye joto la chumba, mnato wa shira iliyoiva huuzidi wa maji zaidi ya mara 100. Ikiwa imetoka motoni hivi punde, mnato huo hupungua zaidi ya mara 10. Kiwandani mamia ya lita hupita mfululizo na kukipasha moto chujio chenyewe. Lita moja ikimiminwa kwenye kitambaa kikavu katika banda la baridi, joto lake huisha kabla haijafika chini, na sehemu yake nzuri hunywewa na kitambaa.

Mafundi wa nyumbani hutumia koni ya kitambaa kizito kilichoshindiliwa, zamani cha sufu na siku hizi cha nyuzi za viwandani, na ndani yake karatasi laini za kuchujia tatu au nne, moja juu ya nyingine. Vyote hulowekwa kwanza katika maji ya moto na kubonyezwa taratibu, ili kitambaa kiwe kimeshiba maji na kushika joto. Kisha shira humiminwa ikiwa bado na nyuzi 85 au 90. Karatasi ya juu ikiziba huinuliwa kwa uangalifu, shira iliyomo ikashukia ya pili, na kazi ikaendelea. Karatasi za kahawa huziba upesi, na kitambaa chepesi cha jibini huupitisha mchanga kama mlango ulio wazi.

Mpishi wa pwani aliyezoea kukamua tui kwa kifumbu atashawishika kuminya. Asiminye: akiminya, chembe ndogo zitapenya na ukungu utarudi. Wala chujio lisioshwe kwa sabuni, kwani harufu yake hukaa kwenye nyuzi na kuibukia kwenye shira ya wiki ijayo. Maji ya moto yanatosha.

Wazalishaji wakubwa huchanganya shira na unga wa diatomaiti, mabaki ya viumbe vidogo vya majini vya kale, kisha huisukuma kwa pampu kwenye mashine ya mabamba. Madini hayo ndiyo yanayochimbwa Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya. Kwa mwenye miti mitatu mashine hiyo ni anasa, tena unga wenyewe lazima uwe wa daraja la chakula.

Njia inayomfaa zaidi haina chombo chochote kipya. Anaweza kuishusha kila shira kabla haijaiva kabisa, akaitunza kwenye baridi, kisha akamalizia zote kwa mpigo: lita nne hushika joto, lita moja haishiki. Au aiache shira iliyoiva itulie siku kadhaa kwenye jokofu ndani ya gudulia la kioo, mchanga utuame, amimine ile safi ya juu. Ataipasha tena hadi nyuzi 82 au 88 na kuijaza chupani, akiilaza chupa kidogo ili joto liguse kifuniko. Ikichemka tu, mchanga mpya huzaliwa na kazi yote huanza upya.

Ile iliyobaki chini ya gudulia, nzito na ya kijivu, haimwagwi. Huhifadhiwa kwenye baridi ingoje utomvu wa duru ijayo, ichemshwe nao na kupita chujioni mara ya pili.