Hotpoti ya Saa Saba Mchana

Mzazi wa Dar es Salaam anayemfungia mtoto chakula cha shule anaanza na hesabu ngumu. Gari la shule linapita saa 11 na nusu alfajiri, kwa hiyo chakula kinafungwa saa 11. Kengele ya chakula cha mchana inagongwa saa 7. Hapo katikati pana muda wa saa 8, na karibu muda wote huo begi limelala chini ya dawati au kwenye rafu ya dirishani, katika mji ambao joto la mchana mwezi Februari hufika nyuzi 32 za Selsiasi. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama, linaagiza kwamba chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Eneo la hatari ni kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60, na hapo ndipo bakteria wanapozaana kwa kasi.

Ndiyo maana naona mjadala wetu wa chakula cha shule tunauanzia pabaya. Tunabishana kuhusu wali au chapati, nyama au maharage, kabla ya kuuliza chakula chenyewe kitakuwa katika hali gani kengele itakapolia. Hesabu ianzie saa ya kula, kisha irudi nyuma hadi jikoni. Nimemwangalia kwa karibu jirani yangu mmoja huku Tabata, mama mwenye watoto wawili wa shule ya msingi, na utaratibu wake unastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua. Kila anachofanya kina sababu ya kisayansi, hata pale ambapo yeye mwenyewe anaishia kusema tu kwamba chakula kikifungwa hivyo hakichachi.

Ana njia mbili, wala hazichanganyi. Siku ya chakula cha moto, kinakuwa cha moto kweli hadi saa 7. Siku ya chakula kikavu, kinakuwa kikavu kweli na kimepoa kabla ya kufungwa. Chakula cha vuguvugu hakitoki nyumbani kwake, na hapo ndipo alipowazidi wengi wetu.

Tuanze na siku ya moto. Hotpoti zake ni za chuma, zenye kuta mbili zisizo na hewa katikati. Joto haliwezi kuvuka nafasi tupu kwa urahisi, tofauti na zile za plastiki zenye sponji, ambazo nyingi zikifika saa 4 asubuhi zimeshapoa. Kabla ya kupakua anachemsha maji, anayamimina ndani ya hotpoti hadi juu, anafunika na kuyaacha kwa dakika 10 hivi huku akimalizia mboga. Kisha anamwaga maji, anapakua chakula kikiwa bado kinatokota, anafunga papo hapo. Wengi huiruka hatua hiyo ya maji, na hasara yake ni kubwa: chuma baridi hunyonya joto la chakula katika dakika za kwanza, kwa hiyo safari ya saa 8 inaanza na chakula kilichokwisha kupungukiwa.

Hatua nyingine inayorukwa ni ukubwa wa chombo. Mtoto wa darasa la pili anatosheka na hotpoti ya nusu lita iliyojaa. Ukimpa ya lita moja iliyojaa nusu, ile hewa iliyobaki juu itapoza chakula, na chakula kidogo hupoa haraka kuliko kingi. Msomaji wa Nairobi ana la kuongeza hapa. Mji wake uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 badala ya 100. Chakula chake kinaanza safari kikiwa na joto pungufu, na asubuhi za Julai ni za baridi. Yeye maji ya kupasha chombo asiyaache hata siku moja.

Sasa wali, maana ndio chakula kinachofungwa zaidi na ndio wenye hila zaidi. Mchele hubeba mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu hizo hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa taratibu kwenye sufuria, mbegu huamka, bakteria huzaana, na huacha sumu inayoleta kutapika ndani ya saa chache baada ya kula. Sumu hiyo haiharibiki kwa moto. Mama anayechukua kiporo cha wali wa jana uliolala jikoni, akaupasha hadi ukatoa mvuke, ameua bakteria na kuiacha sumu. Wali wa jana unaweza kwenda shule ikiwa tu uliingia kwenye friji mapema, kabla ya saa 2 kupita tangu upikwe, ukiwa umetandazwa kwenye chombo kipana ili upoe haraka, na asubuhi ukapashwa hadi ndani kabisa. Nyumba isiyo na friji ipike wali alfajiri, au wali usiende. Wali wa nazi naushauri uliwe nyumbani tu. Waswahili wa pwani wanajua tangu zamani unavyochacha upesi.

Kupika alfajiri kunadai mboga inayoiva upesi, na hapa ndipo nilipojifunza zaidi kutoka kwa jirani yangu. Maharage makavu hayaivi kati ya saa 10 na saa 11 alfajiri bila jiko la presha. Choroko zilizolowekwa tangu jioni, maji ya kulowekea yakamwagwa, huiva kwa nusu saa hivi. Kuloweka kunaokoa gesi, tena kunapunguza faiteti, kemikali ya kwenye kunde na nafaka inayoshika madini ya chuma na kuyazuia yasiingie mwilini. Kwa hiyo wali na choroko zilizoungwa kwa nyanya, kitunguu na mafuta kidogo ni mlo wenye wanga na protini, uliopikwa asubuhi hiyohiyo na kufungwa ukichemka. Siku ya nyama anaikata vipande vidogo sana, kwa sababu vinaiva mapema na mtoto havimpi shida kutafuna.

Kuna kitu hotpoti haiwezi kukitunza, nacho ni vitamini C. Vitamini hiyo huharibiwa na joto, na mchicha uliokaa saa 8 kwenye nyuzi 60 na zaidi unafika ukiwa umeipoteza sehemu kubwa, umelegea na umekuwa mweusi. Hasara yenyewe inafika mbali. Madini ya chuma yaliyomo kwenye choroko, maharage na mboga za majani huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama, na kinachoyasaidia zaidi ni vitamini C inayoliwa katika mlo uleule. Kwa hiyo tunda si pambo wala zawadi ya mtoto aliyemaliza chakula. Ndilo linaloifanya choroko ifanye kazi yake. Jirani yangu huweka chungwa lililomenywa ganda la juu kwa kisu, kama wauzaji wa mitaani wanavyofanya, akaliacha zima na ngozi yake nyeupe. Tunda zima halichafuki wala halivuji, na mtoto anahitaji tu kukatiwa sehemu ya juu ya tunda. Msimu wa mapera huweka pera, lenye vitamini C nyingi kuliko hata chungwa.

Kwa sababu hiyohiyo chai ya rangi ikae mbali na mlo huu. Tanini zilizomo kwenye majani ya chai huzuia madini ya chuma, na anayemfungia mtoto choroko kisha akamjazia chupa ya chai anaharibu kwa mkono mmoja alichojenga kwa mwingine. Soda ya mililita 300 nayo ina sukari gramu 30 na ushee, ambayo ni zaidi ya vijiko saba vya chai. Maji yaliyochemshwa yanatosha.

Siku ya chakula kikavu ni rahisi kwa mpishi, lakini inadai subira. Chapati hupikwa, kisha hutandazwa kwenye ungo juu ya kitambaa hadi zipoe kabisa ndipo zifungwe. Chapati ya moto ikiwekwa kwenye kopo na kufunikwa, mvuke wake hugeuka matone kwenye mfuniko, matone hudondoka, na ifikapo mchana chapati imelowa na kuanza kunuka. Bakteria wanahitaji maji, na ukavu ndio kinga ya chakula cha namna hii. Kwenye unga wa chapati jirani yangu hukandia viazi lishe, yaani viazi vitamu vya rangi ya chungwa, vilivyochemshwa na kupondwa. Viazi hivi vina kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kiini hicho huhitaji mafuta ili kifyonzwe. Chapati tayari ina mafuta. Kazi ya kuviendeleza na kuvisambaza Afrika iliwafanya wanasayansi watatu, akiwamo Robert Mwanga wa Uganda, wawe miongoni mwa washindi wa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016, lakini kwenye makopo ya watoto wetu bado naviona kwa nadra sana.

Pamoja na chapati huenda dagaa waliooshwa, wakakaangwa hadi wakawa wakavu kabisa, bila rojo. Dagaa huliwa na mifupa yake, na humo ndimo ilimo kalsiamu. Siku nyingine huenda karanga, na hapa naomba umakini. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu hushikwa na sumukuvu, na sumukuvu inaua: mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 20 katika mikoa ya kati ya Tanzania. Kukaanga hakuiondoi yote. Karanga zichaguliwe moja moja kabla ya kukaangwa, na yoyote iliyosinyaa, iliyovunjika, iliyobadilika rangi au yenye uchungu itupwe. Ule unga wa karanga wa bei rahisi, ambao huoni umesagwa kutoka nini, nisingemlisha mtoto wangu.

Mayai ya kuchemsha wengi huyaona kuwa chakula kikavu. Si kikavu. Yai lina maji na protini, vyote bakteria wanavipenda, na kukaa saa 8 kwenye joto la Dar es Salaam kunalitosha kuharibika. Liende kwenye hotpoti pamoja na chakula cha moto, au liliwe nyumbani asubuhi.

Limebaki la mwisho, ambalo jikoni halionekani. Hotpoti iliyofungwa chakula kikichemka hubana mfuniko, kwa sababu hewa na mvuke wa ndani husinyaa kadiri vinavyopoa. Mkono wa mtoto wa miaka sita haufungui. Mtoto wa namna hiyo hurudi na hotpoti imejaa, naye akaitwa mdekaji anayechagua chakula. Jirani yangu alichagua hotpoti zenye kitufe cha kuingiza hewa juu ya mfuniko, na kila mmoja wa watoto wake alijaribu kuifungua mwenyewe dukani kabla haijalipiwa. Shule nazo zina sehemu yao: bomba la maji na sabuni karibu na mahali pa kulia, maana bakteria wengine hutoka kwenye vidole vya mlaji mwenyewe, na rafu ya mabegi isiyopigwa na jua.

Kama unamfungia mtoto chakula cha moto, tumia Jumamosi hii kuipima hotpoti yako. Ipashe kwa maji yanayochemka, ijaze chakula kinachotokota saa 11 alfajiri, iache mezani bila kuigusa hadi saa 7 mchana. Ukiifungua, itoe mvuke, na kijiko cha kwanza kisilike bila kupulizwa. Kama kinalika moja kwa moja, chakula kimeshashuka chini ya nyuzi 60, na Jumatatu mfungie mtoto chapati.