Elena Vaenga na mama wa wimbo wa gereza

Kwetu tuliosoma Kifaransa, neno «chanson» ni wimbo tu. Warusi wamelipa kazi nyingine. Tangu miaka ya 1990 wanaziita hivyo nyimbo ambazo zamani hazikuwa na heshima: tungo za wafungwa na wezi, ambazo enzi ya Kisovyeti hazikupewa nafasi redioni, zikaenea kwa kanda zilizonakiliwa nyumbani. Ndivyo alivyojulikana Arkady Severny wa Leningrad, aliyefariki mwaka 1980. Msemaji wa tungo hizo kwa kawaida ni mwanamume. Mwanamke husemwa: ama ni mama anayelia, ama ni msaliti kama yule wa «Murka» anayelipa kwa uhai wake.

Vaenga alizaliwa mwaka 1977 huko Severomorsk, mji wa wanamaji wa kaskazini, na jina lake la usanii ni jina la kale la mji huo. Alisomea piano Saint Petersburg, na nyimbo zake nyingi hutunga mwenyewe. Mwaka 2010 aliimba katika Jumba la Kremlin. Hakuwa mwanamke wa kwanza katika fani hii: Lyubov Uspenskaya alikwisha kuimba katika mikahawa ya wahamiaji huko New York. Hata hivyo, wapo wanaodai kwamba Vaenga ni muziki wa pop uliovikwa koti la mfungwa.

Tutazame «Kuryu», yaani «Navuta sigara». Msemaji ni mwanamke, naye anamwambia mama yake. Hapo ndipo palipo na jambo. Katika wimbo wa gereza mwana humwita mama akiwa amekwisha kuhukumiwa. Kilichobaki kwa mama ni kungoja. Vaenga amemhifadhi mama, akaliondoa gereza. Kwa kuwa hakuna hakimu, binti hana budi kuungama mapenzi yake, na sigara yake, mbele ya yule yule aliyemlea. Maungamo ya namna hiyo ni magumu kuliko ya mfungwa, na sisi hatuoni koti la kuazima hapo.

Pop imempa kiitikio kinachorudi upesi na ngoma inayosukuma; sauti, nzito na yenye mikwaruzo, imebaki ya shansoni, kana kwamba inasema na mtu mmoja mezani.

Kilichopotea ni kisa. Tungo za kale zilikuwa na mtaa, majina, tukio na mwisho wake. Kwa Vaenga mara nyingi tunapewa hisia bila mahali, na kila msikilizaji hujaza pake. Pengine ndiyo sababu ukumbi hujaa. Lakini pale maneno yanapokuwa haba, bendi huongeza kishindo ili tusiulize nani alimtenda nani nini. Tunamwamini zaidi anapobaki na piano yake tu, kwani hapo maneno hayana pa kujificha.