Si Suala la Fedha

Anayetuambia kwamba Marekani ilikata fedha za sanaa ili kubana matumizi anatupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Mfuko wa taifa wa sanaa, NEA, ulipewa dola milioni 162 mwaka 1995. Mwaka 1996 ukaambulia milioni 99 na ushee. Kwa serikali iliyokuwa ikitumia zaidi ya dola trilioni moja kwa mwaka, hiyo ni nauli ya daladala.

Ugomvi ulianza 1989, Seneta Jesse Helms alipozishupalia picha za Andres Serrano na Robert Mapplethorpe, ambazo maonyesho yake yalisaidiwa na fedha za mfuko huo. (Ile ya Serrano hata mimi hainipendezi.) Lakini tazameni nani aliyekatwa. Okestra na makumbusho ziliendelea kupata ruzuku. Msanii mmoja mmoja, mchoraji au mwigizaji, akafutwa. Wakasalia waandishi na wakongwe wachache wa jazi na sanaa za jadi. Taasisi kubwa ina bodi na wafadhili wa kuivuta sikio. Mchoraji aliye peke yake chumbani hana wa kumvuta.

Mei 2025 ruzuku nyingi zilifutwa tena, kwa barua pepe, na safari hii hata wachapishaji wadogo wa fasihi hawakusalimika.