Dhahabu Ikiisha, Kina cha Mgodi Hubaki

Kwa mchimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, mwamba ni gharama: matimba, baruti, na jasho la kuvuta mawe kutoka duarani kabla hajaona hata punje. Ray Davis, mkemia wa Marekani, aliingia mgodini kwa ajili ya mwamba wenyewe.

Huku juu, chembe ziitwazo muoni, zitokanazo na miale ya anga, hupenya kiganja cha mkono takriban moja kila sekunde. Davis alitafuta nutrino za jua, ambazo hugusa maada kwa nadra mno. Muoni zingezifunika kabisa. Miaka ya 1960 akajenga tangi ndani ya mgodi wa dhahabu wa Homestake, South Dakota, karibu mita 1,480 chini. Mwamba ulizuia karibu muoni zote, nutrino zikapita.

Tangi lilibeba tani 615 za kimiminika chenye klorini, kile ambacho madobi husafishia suti. Nutrino ikigonga atomi ya klorini, huigeuza kuwa argoni yenye mionzi, ambayo nusu yake huoza kila siku 35. Kila baada ya wiki kadhaa, gesi ya heliamu ilipitishwa tangini kuikusanya argoni, ikanaswa kwenye mkaa uliopozwa kwa baridi kali, na atomi zikahesabiwa moja moja zilivyooza. Ili kujua kama zipo zinazopotea, Davis aliingiza kiasi cha argoni alichokijua, kisha akakitoa. Kwa miaka 30 alinasa nutrino 2,000 hivi, theluthi ya zilizotarajiwa. Hesabu yake ilikuwa sahihi: vipimo vya ndani ya mgodi wa nikeli huko Sudbury, Kanada, vilithibitisha mwaka 2002 kwamba nutrino hubadilika zikiwa njiani kuwa aina ambazo tangi lake halikuweza kuzinasa. Mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel.

Homestake ulifungwa 2002 ukiwa mali ya kampuni ya Barrick. Pampu zikazimwa 2003, maji yakapanda. Mgodi ukakabidhiwa jimbo la South Dakota 2006, na kazi ya kuyatoa maji ikaanza 2008. Leo ni maabara ya kimataifa, na mapango ya mradi wa nutrino wa DUNE, unaoshirikisha zaidi ya nchi 30, yalikamilika kuchimbwa 2024.

Barrick hiyohiyo inaendesha Bulyanhulu, mgodi wa chini ya ardhi mkoani Shinyanga, ambamo serikali yetu ina hisa asilimia 16. Maduara ya Nyarugusu ni mafupi mno kwa maabara ya aina hiyo. Bulyanhulu unastahili kupimwa. Vyuo vikuu vianze sasa kuchunguza mwamba wake, na mpango wa kufunga mgodi utaje nani atalipia pampu, hewa na lifti. Pampu zikishazimwa, kila mita ya kina hununuliwa upya.