Mandhari ya Kunakili

Aghalabu mwalimu huchora ubaoni milima miwili, jua katikati na njia ya kupinda, nalo darasa zima hunakili. Sisi twaona kuwa hilo ni zoezi la mwandiko, si uchoraji. Mwaka 1919, nchini Japani, Kanae Yamamoto alipinga kunakili vielelezo vya vitabuni, akataka watoto wachore wakionacho wenyewe. Mwaka 1925 kampuni ya Sakura ya huko huko ikatoa pasteli za mafuta: vijiti vya rangi iliyochanganywa na nta na mafuta, laini kwa mkono wa mtoto.

Chombo hicho hakina faida kikitumiwa kunakilia. Mwanafunzi wa Kabale na atazame vilima vyake: vya mbali vimefifia na kuelekea buluu, vya karibu vimekolea. Aanze kwa rangi nyepesi, aongeze nzito juu yake, alainishe mipaka kwa kidole. Mwalimu asimpe mlima, amwulize tu, "Kilima kipi kimefifia zaidi, na kwa nini?" Swali hilo hufundisha Kiswahili pia, kwani asiyeiona tofauti hana haja ya neno la kuitaja.